BLAST na UniProt kwa mwalimu mwenye simu tu: miezi mitatu nikifuata protini za kifo cha seli, kutoka mnyoo mpaka tembo

Wadau habari zenu. Hii ni rivyu ya huduma mbili za bure za mtandaoni ambazo nimezitumia karibu kila jioni kwa miezi mitatu, BLAST ya NCBI, kituo cha serikali cha taarifa za baiolojia kule Marekani, na UniProt, ile maktaba kubwa ya protini, na humo katikati nitaingiza AlphaFold pia, ile inayokadiria umbo la protini, maana bila yenyewe kuna mahali safari inakwama kabisa. Nimezipima kwa kazi moja tu, kufuatilia protini zinazoua seli, zimetoka wapi na zimebadilikaje kutoka mnyama mmoja hadi mwingine, kwa hiyo kama unataka kujua zinafaaje kutambua bakteria wa maabara au kuchagua mbegu za mahindi, hilo sijagusa.

Ilianzaje. Nafundisha baiolojia kidato cha tano na sita hapa Mwanza. Tulikuwa kwenye ukuaji wa kiinitete nikawa naeleza kwamba mguu wa kuku na mguu wa bata vinaanza vyote vikiwa na ngozi katikati ya vidole, ila kwa kuku zile seli za katikati zinakufa vidole vinaachana, kwa bata nyingi hazifi ndo maana anabaki na kasia lake la kuogelea. Binti mmoja akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, hicho kitu kinachoua hizo seli, bata anacho ila hakitumii, au hana kabisa?" Nikamwambia anacho. Akauliza, "Umejuaje?" Na ukweli ni kwamba nilijua kwa sababu kitabu kimesema. Sikulala vizuri siku ile. Mtoto kauliza swali la kisayansi halafu mimi nimemjibu kwa imani, nikaona hapana, hili nalitafuta mwenyewe.

Bei kwanza maana najua ndo mnachotaka kusikia. Bure. Hakuna kujisajili, hakuna kadi ya benki, hakuna siku 14 za majaribio halafu uanze kukatwa. Kabla ya hapo nilikuwa nimepotelea kwenye saiti nyingine, jina naliacha, iliyotaka hela nyingi sana kwa makala moja ya kurasa chache, mshahara wa mwalimu na hizo bei haviendani. Na bando pia halikuumia sana, kazi ngumu yote inafanyika kwenye kompyuta zao kule, wewe unatuma herufi na unarudishiwa herufi, kwa hiyo hata simu ya kawaida inatosha. Kinachokula bando ni zile picha za protini za kuzungusha kule AlphaFold, hizo nilikuwa nazifungua usiku bando la usiku likianza.

Sasa kwa ambaye hajawahi, BLAST inafanya nini. Chukulia protini ni shanga zilizotungwa kwenye uzi, kuna shanga za aina 20 na kila aina ina herufi yake, kwa hiyo protini yoyote unaweza ukaiandika kama mstari mrefu wa herufi. Mstari huo unauchukua UniProt, unaukopi, unaupesti kwenye BLAST, nayo inaukatakata vipande vidogo vya herufi chache, inavisaka kwenye nyuzi zote ilizonazo, ikipata kipande kinacholingana inatanua kushoto na kulia mpaka mfanano uishe, halafu inakupangia waliofanana zaidi juu. Kitu hiki kilitoka mwaka 1990 na mpaka leo watu wanakitegemea. Kila jibu linakuja na namba wanayoiita E, maana yake ni mara ngapi ungetegemea kuokota mfanano wa namna ile kwa bahati nasibu tu kwenye databezi ya ukubwa ule. Ikiwa ndogo sana, hao ni ndugu. Ikikaribia moja au kuzidi, usijenge nyumba juu yake.

Nilianza na kaspesi ya 3 ya binadamu, maana kaspesi ndo mkasi wenyewe. Seli ikiamua kufa kwa utaratibu, ile tunayoita apoptosisi (jina la mwaka 1972, limetoka kwenye Kigiriki cha majani kudondoka mtini), hizi kaspesi ndo zinazunguka ndani zinakata protini nyingine, na zinakata baada ya shanga ya aina moja maalumu, ile ya asidi ya aspatiki. Herufi 277 tu. Namba yake UniProt ni P42574. Halafu nikatafuta ile ya mnyoo mdogo C. elegans, inaitwa CED-3, namba yake P42573. Zimefuatana! Namba zenyewe hazimaanishi undugu, ni foleni ya kuingizwa tu, lakini nilikaa naangalia ile skrini nikafurahi kama mtoto, mkasi wa mnyoo wa milimita moja na mkasi wangu mimi vimekaa rafu moja bega kwa bega.

Na huyu mnyoo lazima nimuelezee maana bila yeye hakuna somo. John Sulston alikaa na darubini akafuata seli za mnyoo huyu moja baada ya nyingine toka yai. Mnyoo mwenye jinsia zote mbili anatengeneza seli za mwili 1090, kati ya hizo 131 zinakufa, wanabaki 959, na ni zile zile kila mara, mnyoo huyu na yule, leo na kesho. Ukiona kitu kinakufa kwa ratiba namna hiyo unajua kuna jeni inayoamrisha. Mwaka 1986 Hilary Ellis na Robert Horvitz wakatangaza kwamba wamepata jeni mbili, ced-3 na ced-4, ukiziharibu zile seli 131 zinabaki hai. Halafu 1993 ndo ikaonekana CED-3 inafanana na kimeng'enya cha binadamu ambacho watu walikuwa wanakijua kwa mambo ya uvimbe na homa, hakuna aliyekuwa anakiwazia kifo cha seli. Horvitz, Sulston na Sydney Brenner wakapewa Nobel 2002. Nimewaeleza wanafunzi hii stori mara mbili na mara ya pili wameisikiliza vizuri zaidi kwa sababu ule mlingano wa herufi niliuprinti nikaubandika ukutani, juu mtu chini mnyoo.

Kwenye ule mlingano angalieni herufi QACRG. Hiyo C ndo ncha ya mkasi, ndo inayokata, ukiibadilisha mkasi unakuwa butu. Mtu anayo, mnyoo anayo, hizo herufi tano zimevuka miaka zaidi ya milioni mia tano bila kuguswa huku zilizozizunguka zikibadilika ovyo. Halafu nikaenda kwa nzi wa matunda, ana kaspesi saba, na mojawapo inaitwa Dronc imeandikwa PFCRG badala ya QACRG. Yaani amecheza na herufi mbili za mwanzo ila ile C hajaigusa. Hapo ndo nikaanza kuipenda BLAST kwa dhati, kwa sababu hicho kitu hakuniambia mtu, nimekiona kwa macho yangu na baadaye nikakuta wataalamu walishakiandika zamani.

Kitu ninachokisifia zaidi kwenye BLAST ni kile kisanduku cha kuchagua kiumbe. Unaandika jina la kisayansi la mnyama na inatafuta kwake peke yake. Bila hicho, ukitafuta kaspesi ya binadamu utajaziwa sokwe, nyani, ng'ombe, panya, kurasa kwa kurasa, na hutafika kwa hydra hata siku moja. Nilipokijua nikawa napita kwa zamu, bata kwanza (anacho, yule binti wa darasani alikuwa sahihi kuuliza na sasa naweza kumwonyesha), mjusi, samaki, nyota ya bahari, hydra, anemoni, mpaka sponji wa baharini. Wote wana mikasi. Ukivuka wanyama ukaenda kwenye hamira na mimea hali inabadilika, kule kuna kitu kinaitwa metakaspesi, umbo linafanana kwa mbali lakini chenyewe kinakata baada ya shanga za aina nyingine kabisa, arjinini na laisini, kwa hiyo walimu wenzangu msije mkaandika ubaoni kwamba mgomba una kaspesi. Nimekuta watu wanaandika hivyo.

Haya, mpaka hapo ilikuwa raha. Ugumu ulianza nilipoingia kwenye Bcl-2.

Bcl-2 ni breki. Iligundulika miaka ya 80 kwenye saratani ya tezi za limfu (limfoma) ambako kipande cha kromosomu 14 na cha 18 vimebadilishana, na hiyo jeni ikawa inafanya kazi kupita kiasi. Mwaka 1988 David Vaux na wenzake Melbourne wakaonyesha kwamba kazi yake si kuifanya seli igawanyike, kazi yake ni kuizuia isife. Saratani kwa kukataa kufa! Na mwaka 1992 Vaux na wenzake wakachukua jeni hiyo ya binadamu wakaiweka ndani ya mnyoo, na seli za mnyoo zilizotakiwa kufa baadhi hazikufa. Protini ya mtu imeingia kwa mnyoo na imeelewana na mitambo ya kule. Mi nikisoma vitu kama hivi nasimama naenda kunywa maji.

Breki ya mnyoo inaitwa CED-9. Ukiiweka sambamba na Bcl-2 ya binadamu, shanga zinazolingana ni kama 23 tu katika 100. Hiyo ni kidogo sana, hapo ndo BLAST inaanza kukosa nguvu kwa sababu yenyewe inafananisha herufi tu, haijui umbo. Na ukienda kwa EGL-1, ile inayoiondoa breki kwa mnyoo, hali ni ngumu zaidi, protini yenyewe ina herufi 91 tu na kinacholingana na ndugu zake wa kwa binadamu ni kipande kifupi mno kinachoitwa BH3, kwa BLAST ya kawaida usitegemee kitu. Nilipoona kimya nikataka kuandika kwenye daftari "hakuna". Nashukuru sikuandika. Kimya cha BLAST maana yake ni kwamba herufi zimeachana mno, na herufi kuachana si sawa na protini kutokuwepo.

Mfano ulionifundisha hilo ni wa kirusi. Kirusi cha vaccinia, kile kilichotumika kwenye chanjo ya ndui, kina protini inaitwa F1L inayozuia seli iliyoambukizwa isijiue, maana seli ikijiua mapema kirusi kinakosa pa kuzaliana. Ukiitazama kwa herufi haifanani na Bcl-2 hata kidogo. Watu walipopata umbo lake wakakuta ni msuko ule ule wa Bcl-2. Kirusi kimebadilisha shanga zote kikabakisha msuko.

Hapo ndo AlphaFold inaingia. Ilifunguliwa 2021 na kampuni ya DeepMind pamoja na kituo cha Ulaya cha EMBL-EBI, na 2022 wakapanua mpaka maumbo zaidi ya milioni 200. Ukiwa UniProt kwenye ukurasa wa protini unashuka chini kidogo unakuta umbo limeshawekwa, unalizungusha kwa kidole. Nikafungua Bcl-2 kwenye simu na CED-9 kwenye laptopu ya shemeji yangu nikaziweka pembeni. Hesi zilizojikunja kama springi, moja yenye kukwepa maji imefichwa katikati, nyingine zimeizunguka kama watu waliozunguka moto. Msuko huo huo. Na juu yake kuna mfereji, kwenye mfereji ule ndo kile kipande cha BH3 kinakaa kuizima breki, na ni mfereji huo huo ambao dawa ya venetoclax inaingia, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani 2016. Miaka thelathini toka kromosomu mbili zilizobadilishana mpaka kidonge.

Angalizo moja kwa AlphaFold, yale ni makadirio ya kompyuta, na yenyewe inakwambia wazi kwa rangi wapi ina uhakika na wapi inabahatisha. Bluu iliyokoza amini. Njano na machungwa usiamini. Bcl-2 ina kamba ndefu inayoning'inia upande mmoja yenye rangi hizo za mashaka, na wanafunzi wangu wawili wakaanza kuielezea umbo lake kana kwamba ndo lilivyo, nikawaambia hiyo kamba haina umbo moja, inachezacheza.

Sasa nije kwenye kitu kikubwa nilichokipata kwenye zoezi zima, na ndo sababu hasa ya kuandika rivyu ndefu namna hii. Kuna protini ya tatu, Apaf-1, ilipatikana 1997 maabara ya Xiaodong Wang kule Dallas. Ya binadamu ina herufi 1248, ndefu. Mitokondria, kinu cha nishati cha seli, ikitoboka inamwaga saitokromu c, protini iliyokuwa imefungiwa ndani yake, saitokromu inakamatwa na Apaf-1, Apaf-1 saba zinakusanyika zinafanya kama gurudumu lenye mikono saba, na juu ya gurudumu hilo kaspesi zinawashwa. Ya mnyoo inaitwa CED-4, gurudumu lake ni la nane, na kwenye UniProt ukifungua ile sehemu inayochora vyumba vya protini unaona kabisa CED-4 imekatika, ile nusu ya nyuma ambayo kwa binadamu inashika saitokromu, kwa mnyoo haipo. Nzi ana ile nusu ya nyuma, gurudumu lake pia la nane, lakini kwa kawaida halihitaji saitokromu kuwaka.

Mimi, na nadhani walimu wengi, tulikuwa tunafundisha hivi: mnyoo ni rahisi, nzi amepanda kidogo, binadamu ndo mwenye mitambo kamili, kwa hiyo mageuko yamepanda ngazi toka chini kwenda juu. Inaeleweka vizuri ubaoni. Na si kweli. Ukitoka kwa mnyoo ukarudi nyuma zaidi, kwa anemoni wa baharini Nematostella ambaye jenomu yake (DNA yake yote) ilitoka 2007, kwa matumbawe, unakuta protini za familia ya Bcl-2 za aina kadhaa, breki na zile zinazotoboa mitokondria, na kaspesi lukuki, kama kwetu. Kuna mnyama bapa mdogo mno anaitwa Trichoplax, hana hata mdomo, ana Bcl-2 nne zikiwemo zinazolingana na zile mbili zetu zinazotoboa mitokondria. Maana yake babu wa wanyama wote hao alikuwa na sanduku la vifaa lililojaa, na mnyoo na nzi ndo waliopunguza vitu njiani. Tulifundisha kwa kutazama wawili waliouza vifaa tukadhani hawajawahi kuwa navyo.

Na ushahidi mmoja upo hapa hapa kwetu. Kichocho. Mtu wa Mwanza humuelezei kichocho, tumekua nacho ziwani. Yule mdudu wake ni mnyoo bapa, na mwaka 2011 watafiti wakaonyesha kwamba ana njia ya kifo cha seli inayoongozwa na Bcl-2, ya mtindo unaofanana na wetu kuliko wa C. elegans. Niliwaambia darasani, kimya kikatanda, halafu mmoja akauliza kama basi tunaweza kumuua kwa kuiondoa breki yake. Hilo ndo swali ambalo watafiti wenyewe wanajiuliza, na limetoka kwa kijana wa miaka 18 ambaye aliwahi kukojoa damu akiwa darasa la nne.

Kingine kilichonigusa ni matumbawe. Mwaka 2014 ilichapishwa kazi moja kuhusu tumbawe la jamii ya Acropora, wakachukua protini ya binadamu inayoitwa TNF, ile inayoamrisha seli kufa kutokea nje, wakaliwekea tumbawe, seli za tumbawe zikaanza kufa na likapauka. Wakageuza, protini ya tumbawe kwa seli za binadamu, nazo zikafa. Miaka milioni 550 na bado wanaelewana. Tumbawe hilo lina vipokezi vya jamii ya TNF vingi kuliko binadamu. Ndugu zangu wa Tanga, Mafia na Unguja mnakumbuka au mmesimuliwa 1998 joto la bahari lilivyopausha matumbawe magharibi yote ya Bahari ya Hindi, basi kifo cha seli ni sehemu ya kinachotokea ndani ya tumbawe linapopauka.

Nirudi kwenye huduma, kuna mtego ambao lazima niuseme. Kuna njia nyingine ya kufa inaitwa nekroptosisi, seli inapasuka badala ya kujikunja, na protini inayotoboa ngozi ya seli ni MLKL. Kundi zima la paka na mbwa, hadi simba wa Serengeti humo, wameipoteza. Mi nikasema ngoja nihakikishe, nikapesti MLKL ya binadamu nikachagua mbwa, majibu yakaja kibao! Nikashtuka. Kumbe MLKL ina nusu mbili, nusu ya mbele ndo inayotoboa, nusu ya nyuma inafanana na familia kubwa sana ya protini ziitwazo kinesi (kwa Kiingereza kinase) ambazo kila mnyama anazo kwa mamia. BLAST ilikuwa inaniletea hao wa nusu ya nyuma. Kuna safu inaonyesha mfanano umefunika asilimia ngapi ya uzi wako, hiyo safu isomeni kabla ya kitu kingine chochote. Na hata ukikuta kweli mnyama hana protini fulani, usimalizie hapo, angalia ndugu zake wa karibu pia, kama wote hawana basi imepotea kweli, kama ni yeye peke yake huenda jenomu yake haijasomwa vizuri.

Upande wa UniProt mtego ni mwingine. Kuna maingizo yaliyopitiwa na binadamu, hayo yamewekewa alama ya rangi ya dhahabu, ni zaidi ya laki tano na nusu. Mengine mamilioni kwa mamilioni yamepewa majina na programu tu, protini ikifanana na jirani inachukua jina la jirani. Zote ni muhimu ila mwanafunzi lazima afundishwe tofauti siku ya kwanza. Nilikuwa na kundi lililohesabu nakala za p53 za tembo, protini inayoweza kuiamuru seli iliyoharibika DNA ijiue (jeni yake inaitwa TP53), wakaja na idadi kubwa ya ajabu kwa sababu wamehesabu maingizo yale yale mara mbili mbili. Ukweli wenyewe unatosha kushangaza: tembo wa Afrika ana nakala 20 za TP53, moja ya asili na 19 zilizonakiliwa baadaye, sisi tuna moja kwa kila mzazi. Ilitangazwa 2015. Mnyama ana seli nyingi kiasi kile na anaishi miaka mingi vile, ungetegemea saratani immalize, lakini seli zake zikiharibika DNA zinajiua upesi kuliko zetu. Mwaka 2018 ikaongezeka LIF6, jeni iliyokuwa imekufa kwa mababu wa tembo ikafufuka, p53 ikiiamsha inaenda mitokondria na seli inakufa. Jeni mfu iliyofufuka ili iue. Wanafunzi walipiga makofi, sikuwaomba.

Halafu kuna kaspesi ya 12 ya kwetu wenyewe binadamu. Watu wengi duniani wana nakala iliyokatika katikati, haifanyi kazi. Nakala nzima imebaki zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, na walio nayo mwili wao unajibu bakteria kwa upole zaidi, jambo linaloweza kuwa hatari kwenye maambukizi ya damu. Mageuko bado yanaendelea ndani yetu na Afrika ndo nakala zote mbili, nzima na iliyokatika, zimebaki zaidi.

Yanayopungua: kila kitu ni Kiingereza, na Kiingereza kigumu, kwa hiyo nimeandika karatasi mbili za Kiswahili zenye hatua moja moja na nawapa wanafunzi kabla hawajagusa simu. Skrini ndogo inasumbua kwenye ile milingano ya herufi, geuza simu ilale. Na BLAST usiitumie peke yake, ukiwa na herufi zilizoachana sana nenda kwenye umbo. Kwa kazi ya shule ninaipa BLAST nne kati ya tano, UniProt tano kamili, AlphaFold nne na nusu kwa ajili ya bando. Mwalimu mwenye simu, daftari na jioni moja kwa wiki anaweza kabisa, hauhitaji maabara, sisi darubini zetu mbili moja haina lenzi.

Yule binti wa swali la bata nilimpa mlingano wa kaspesi ya bata na kuku na binadamu auchore rangi mwenyewe. Amerudi na swali jingine: kama bata anacho kila kitu, basi kinachotofautiana ni nani anayeamrisha na lini, hiyo amri tunaitafutia wapi. Tumekubaliana Jumatatu tunaanza na sato, jenomu yake imeshasomwa, na soko la samaki ni dakika kumi kutoka shuleni kwa hiyo wote watakuwa wamemshika mkononi kabla ya kumtafuta kwenye skrini.